Uwanja wa kuendeshea farasi nyumbani: niweke mchanga gani? (Nimeshakosea mara moja)

#1 Mwana wa Usa

Wakuu salaam. Najua humu watu wa ng'ombe na kuku mpo wengi kuliko watu wa farasi, ila najaribu bahati yangu.

Nipo Usa River, Arusha. Nina farasi watatu: jike mmoja wa miaka 14 aliyestaafu mbio, maksai wawili wa kupanda. Binti yangu anajifunza, na wikiendi tunapokea wageni wachache. Mwaka jana nilitengeneza uwanja wa mita 20 kwa 40 chini ya shamba, kule tambarare, udongo ule mweusi wa mbuga. Nilikwangua nyasi, nikamwaga tripu 28 za mchanga wa mto, nikasawazisha, nikaita watu wakapiga picha.

Kiangazi uwanja ulikuwa mzuri. Masika ilipoingia, wiki ya pili mchanga ukaanza kuzama. Udongo unapanda, mchanga unashuka, katikati ikawa uji. Jike akiwa anakwenda matiti (msicheke, ndiyo Kiswahili chake, mwendo ule wa kati kabla ya shoti) mguu wa mbele ukazama, akatoka anachechemea. Kano. Miezi 5 ya kutembezwa kwa kamba.

Sasa nataka kuanza upya kabla ya vuli. Nimeletewa mapendekezo manne: mchanga wa baharini kutoka Tanga, mchanga wa mto mwingine, changarawe nyeusi za volkano (hizi huku ni za kumwaga), na mpira wa matairi uliosagwa. Jirani anasema maranda ya mbao. Nichague nini?

#2 Kiti cha Nyuma

Farasi watatu! Sisi hata punda wa kubeba maji tunaazima. Naweka kambi hapa, pengine mkuu atatoa lifti.

#3 Saisi Mstaafu

Mwana wa Usa, pole kwa jike. Mimi ni saisi, yaani mtunza farasi, nimefanya Lang'ata na Limuru miaka 26, nimeondoka juzi tu magoti yalipokataa.

Tripu 28 za Fuso kwenye 20 kwa 40 ni karibu sentimita 18 za mchanga. Bwana, hapo hukutengeneza uwanja, ulitengeneza ufuo. Hata bila mvua, farasi anayefanya kazi kwenye mchanga wa kina hicho anafanya kazi kama wewe ukikimbia ufukweni. Siku ya kwanza anatoka jasho, siku ya kumi kano zinalia. Mchanga mtupu unaanza na sentimita 5 au 6. Ukiona kwato inagonga chini, unaongeza kidogo. Kuongeza ni toroli moja na kijana mmoja, lakini kutoa, muulize aliyewahi kutoa.

Halafu hujauliza swali ambalo mimi ningeanza nalo. Huo mchanga utalala juu ya nini? Kesho asubuhi chimba shimo la goti kwenye huo uwanja, mimina ndoo mbili za maji, utuambie saa ngapi yameisha. Na kama shamba lako lina sehemu nyingine, chimba na huko.

#4 Mwana wa Usa

Saisi, shikamoo mzee. Nimechimba.

Chini mbugani: ndoo mbili niliweka saa 1 asubuhi. Saa 11 jioni maji bado yamo, chura ameshahamia.

Juu nyuma ya nyumba, upande wa mlimani, udongo mwekundu: maji yaliisha kabla sijamaliza chai. Tatizo hapo ni mteremko, na tatizo kubwa zaidi ni migomba ya mama mkwe.

#5 Saisi Mstaafu

Marahaba. Migomba mingapi?

#6 Mwana wa Usa

Arobaini na kitu. Na ana majina ya baadhi.

#7 Fundi Levo

Niwasaidie hesabu kabla hamjaenda kwa mama mkwe. Mimi ni wa barabara, farasi sijui, lakini udongo mweusi wa mbuga naujua vizuri sana kwa sababu umenila fedha.

Ule udongo ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukiweka kitu chochote juu yake bila kuutenganisha, unakimeza. Ukitaka kubaki mbugani lazima: uondoe udongo wa juu, utandike kitambaa cha barabara, jiotekstaili, uweke kifusi cha moramu sentimita 20 kilichoshindiliwa, kokoto 10, vumbi la mawe 5, ndipo mchanga. Na usichimbe beseni! Wengi wanachimba shimo, wanajaza kokoto, wanashangaa mvua ikinyesha shimo linakuwa bwawa. Uwanja unyanyuke juu ya ardhi inayouzunguka, mtaro upite upande wa juu.

Eneo tuseme 22 kwa 42, kwa sababu msingi lazima uzidi uwanja mita moja kila upande, la sivyo kingo zinabomoka. Hiyo ni mita za mraba 924. Moramu sentimita 20 ni mita za ujazo 185, kokoto 92, vumbi 46. Ongeza robo kwa sababu vikishindiliwa vinapungua. Fuso inabeba kama mita 5. Moramu tripu 46, kokoto 23, vumbi 12. Mchanga wa sentimita 6 kwenye 20 kwa 40 tripu 10. Jumla tripu 91.

Ukihamia kwenye udongo mwekundu unaonyonya maji, unakata upande wa juu, unajaza upande wa chini, unashindilia kwa tabaka. Moramu yote inaondoka. Tripu 45. Migomba arobaini kwa tripu 46, fanya mazungumzo na mama.

#8 Kiti cha Nyuma

Fundi umempa posa ya pili huyu jamaa.

#9 Mzee wa Pwani

Mkuu Mwana wa Usa, mchanga wa bahari ninao, safi, mweupe, hauna tope hata chembe. Farasi ataonekana kama yupo Dubai. Njoo inbox tupange bei, mpaka Arusha nafikisha.

#10 Bint Maskati

Jamani, kwanza asalaam aleikum. Nipo Maskati, ukoo wetu Unguja. Huku farasi tunao, na mchanga ndio usiseme, lakini nnamwambia kaka wa Usa asikimbilie mchanga wa kuvutia macho.

Mchanga wa jangwani umesuguliwa na upepo mpaka punje zimekuwa duara kama ulezi. Haufai hata kwa zege, ndio maana nchi za Ghuba zinanunua mchanga kutoka nje ilhali zimekaa juu ya mchanga. Sasa zege lisiloshika, kwato itashika? Farasi akigeuka, punje zinaviringika chini ya mguu. Watu huku wanaotengeneza viwanja vyao wanachukua mchanga wa wadi, ule ulioteremshwa na mafuriko ya milimani, una pembe.

Na wa baharini ndio huohuo umesuguliwa na mawimbi, tena una vipande vya makombe. Makombe ni laini, yakikanyagwa mwezi mmoja yanakuwa unga mweupe. Chumvi yake inakausha kwato na kula viatu vya chuma. Mzee wa Pwani usinune, biashara tafuta kwa wajenzi wa mabwawa ya kuogelea.

Halafu hiyo Dubai unayoitaja: uwanja wa mbio wa Meydan ulipofunguliwa 2010 uliwekwa Tapeta, mchanga uliochanganywa na nyuzi na nta. Gharama yake Mungu ndiye ajuaye. Mwaka 2014 wakaung'oa, wakarudi kwenye mchanga wa mtindo wa Kimarekani, kwa vile wenye farasi wa Marekani walikuwa hawataki kuja. Hata wenye mafuta wamebadilisha mawazo, kaka, usione haya.

#11 Mzee wa Pwani

Sawa binti, umenifungia duka mchana kweupe. Ila nimejifunza.

#12 Saisi Mstaafu

Bint Maskati amesema kweli tupu. Niongeze jinsi ya kupima, maana muuzaji atakwambia mchanga wake ni mkali hata kama ni wa kuchezea watoto.

Chukua konzi moja ya mchanga mkavu, usugue viganjani karibu na sikio. Ukisikia unakwaruza na kiganja kinawasha, una pembe. Ukiteleza kimya kama sukari guru iliyosagwa, acha. Fungua kiganja: kikibaki na rangi, mna udongo.

Kisha uloweshe kidogo, ufinyange. Ukikaa kama tonge la ugali na hauachii, ni udongo mwingi, mvua ikinyesha utateleza. Ukimwagika hapohapo, hauna kushika. Ule mzuri unakaa umbo, ukiugusa kwa kidole unavunjika.

Na chupa. Chupa ya maji ya kunywa, jaza mchanga hadi nusu, maji juu, tikisa, weka dirishani hadi kesho. Juu ya mchanga kutakuwa na tabaka la tope laini. Hilo tabaka ndilo vumbi utakalokula kiangazi.

Mchanga wa makorongo karibu na mlima huwa na pembe kuliko wa mto uliosafiri mbali, kwa sababu haujasuguliwa vya kutosha. Lakini huwa mchafu. Utauchekecha, ikibidi utauosha.

#13 Fundi Levo

Kipimo cha chupa ni chetu sisi wajenzi hicho, naona na nyie masaisi mmekiiba. Kwa zege tunakubali tope hadi 8 kwa 100. Wewe nenda chini ya hapo kadiri mfuko unavyoruhusu.

Changarawe za volkano: usiziweke juu. Ni nyepesi, zina matundu, zinakatika na kuwa unga, na kingo zake ni wembe.

#14 Daktari wa Kwato

Mimi ni daktari wa mifugo, nimeona uzi nikashindwa kupita.

Watu wanafikiri ardhi laini ni salama na ngumu ni mbaya, basi. Mambo ni zaidi ya hapo. Ngumu mno, mshindo unapanda kwenye mifupa na viungo. Laini mno, kano zinavutika kupita kiasi, kama zilivyovutika za huyo jike. Kuna jambo la tatu ambalo wengi hawalifikirii, nalo ni kushika. Kwato inapotua inatakiwa iteleze kidogo sana kabla ya kusimama. Uwanja ukiwa unashika kama gundi, kwato inasimama ghafla huku mwili unaendelea mbele, na kinachopindika ni viungo vya chini. Kwa hiyo mwenye kukuuzia "haitelezi kabisa" anakuuzia ugonjwa mwingine. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, lilitoa mwaka 2014 andiko refu kuhusu nyuso za viwanja, na mojawapo ya mambo linayoyapima ni usawa: uwanja uwe hivyohivyo kutoka pembe hadi pembe. Farasi anazoea ugumu na anazoea ulaini. Anaumia pale hatua moja ni ngumu na inayofuata ni laini bila yeye kujua.

Sasa la kwetu Afrika. Lile shimo lako lenye chura, Mwana wa Usa, lifukie leo. Maji yaliyotuama kwenye tope lenye mavi ndiyo mazalia ya visubi, na visubi ndio wanaoeneza ule ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaowavimbisha juu ya macho na kuwatoa povu puani. Farasi asiye na kinga akiupata ule wa mapafu, mara nyingi ndiyo mwisho wake. Mnaongea kokoto na mitaro kama habari ya usafi wa viatu. Kwangu mimi uwanja usiotuamisha maji ni nusu ya chanjo.

#15 Mwana wa Usa

Daktari, shimo nimelifukia na uwanja wenyewe nitaulima nipande majani. Ahsante sana.

Kuna mtu kaniambia kwa vumbi nimwage oili chafu, kama wanavyofanya barabara za vumbi. Mwingine kasema magadi. Niulize kabla sijafanya ujinga wa pili.

#16 Daktari wa Kwato

Oili chafu HAPANA. Ina metali nzito kutoka kwenye injini, itaingia kwenye ngozi ya farasi, mapafu ya watoto na kisima chako. Magadi yanaunguza kwato, na farasi watalamba. Kuna chumvi ya magnesi ambayo nchi nyingine wanaitumia kwa sababu inavuta unyevu wa hewani, lakini mvua zetu zitaisomba msimu mmoja, na hewa ya kiangazi cha Arusha haina unyevu wa kuvuta. Maji ndiyo dawa.

#17 Fundi Levo

Maji kiasi gani? Mita za mraba 800, ukitaka yaingie milimita 5 ni lita 4,000 kwa mara moja. Tangi la lita 5,000 kwa kumwagilia mara moja, mkuu. Paa la banda likusanye.

#18 Kibarua wa Uholanzi

Habari za asubuhi kutoka kwenye baridi. Mimi nazoa mavi ya farasi Uholanzi mwaka wa saba sasa, kwa Kizungu wananiita kitu cha heshima zaidi.

Matairi yaliyosagwa: banda nililofanyia kwanza walinunua ya bei rahisi. Ndani kulikuwa na nyaya za chuma, zile za ndani ya tairi. Nimeokota nyaya kwa sumaku iliyofungwa nyuma ya trekta wiki nzima, na bado moja iliingia kwenye unyayo wa farasi. Yakiwa safi yanasaidia, mchanga hauwi mgumu na barafu haishiki. Lakini wewe huna barafu. Una jua. Mpira mweusi kwenye jua la Arusha saa 7 mchana, hata harufu yake hutaipenda.

Nyuzi za kitambaa zinazochanganywa na mchanga ni nzuri, sitadanganya, mchanga unakaa pamoja kama una mizizi. Shida ni kwamba zikizeeka huwezi kuzitenganisha na mchanga, na huna pa kuzitupa. Na zenye nta ndizo za matajiri: kule Lingfield, Uingereza, kwenye uwanja wa mbio, waliweka aina hiyo, Polytrack, mwaka 2001, na farasi wanakimbia majira yote. Ila joto likibadilika na uwanja unabadilika, kwa sababu nta ni nta.

Maranda: miaka miwili au mitatu yanaoza, yanakuwa mboji, mboji ikilowa inateleza. Jirani mwambie ayaweke bandani, farasi walalie.

#19 Ukoka Tu

Naona mnamtajirisha mwenye Fuso. Farasi wameumbwa watembee kwenye nyasi. Uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi, farasi wanakimbia kwenye majani toka 1954 na hakuna aliyekufa kwa kukosa mchanga. Panda ukoka, mwagilia, panda farasi. Kwisha.

#20 Saisi Mstaafu

Kwa ukoka sikupingi, na Ngong nimepeleka farasi mara nyingi. Lakini kule wana njia pana, wanahamisha uzio ili majani yapumzike, na kuna watu wa kuziba kila tundu la kwato baada ya mbio. Wewe una 20 kwa 40 na farasi watatu wanaozunguka palepale siku 5 kwa wiki. Mwezi mmoja pembeni hakuna jani. Machi ni tope, Septemba ni sahani. Ukiwa na eneo la kupishanisha, nyasi ni raha kuliko vyote. Kwa nafasi ya nyuma ya nyumba ya mtu, hapana.

#21 Mwana wa Usa

Taarifa: mama mkwe amekubali.

Masharti yake: migomba 22 tu ndiyo inakatwa, si 40 (uwanja tumeusogeza mita 6 upande wa banda), machipukizi yote yanahamishwa chini mbugani pembeni, na mavi yote ya farasi kuanzia leo ni yake. Tumesaini kwa mdomo mbele ya mke wangu.

#22 Kiti cha Nyuma

Mavi ya farasi watatu kwa migomba 22. Mama kashinda.

#23 Mwana wa Usa (Septemba)

Samahani kwa kimya. Kazi ilikuwa kazi.

Tulikata mteremko kwa greda la kukodi siku mbili, udongo tukajaza upande wa chini kwa tabaka za sentimita 15, kila moja ikapigwa rola na maji. Fundi Levo alinisisitiza hapo, nami nilitaka kukwepa, nimshukuru. Uwanja mzima umeinama kuelekea chini asilimia 1, yaani sentimita 20 katika upana wa mita 20. Tumepima kwa mpira mwembamba wa kuonyesha uliojazwa maji, mimi huku, kijana kule, tunapigiana kelele, mahali 15 tofauti.

Kuhusu kitambaa: tulibishana na fundi wangu wa hapa. Alitaka kitandikwe juu kabisa, chini ya mchanga. Nilikataa. Mchanga wa sentimita 6, siku reki au haro (ile ya kuvuta, ya kusawazishia) ikizama kidogo inakikamata, ukikivuta unapata kipande kinachopepea, farasi anatia mguu. Nimekiweka kati ya udongo na kokoto tu, juu ya kokoto nikaweka vumbi la mawe, likamwagiwa maji na kushindiliwa mpaka likawa kama sakafu. Nimetembea na viatu vya kisigino vya mke wangu kupima, kisigino hakikuzama. Msiniulize.

Mchanga nimepata wa korongoni. Chupa tatu dirishani, machimbo matatu. La kwanza lilikuwa na tope la kidole kizima. La tatu, kwenye mchanga wa sentimita 10, tope milimita 4. Nimelipia la tatu. Muuzaji alijaribu kuleta tripu mbili kutoka la kwanza usiku, nikazirudisha. Pembeni nimeweka magogo ya mikaratusi yazuie mchanga usikimbie.

Kina: sentimita 5. Saisi, mkono ulitetemeka lakini sikuongeza.

#24 Saisi Mstaafu

Umefanya kama mtu mzima. Sasa sikiliza. Kwa wiki tatu mtembeze tu na matiti mepesi, mchanga ukae. Usimzungushe kwa kamba mahali pamoja, atachimba duara mpaka kwenye msingi, na msingi ukitoboka kokoto zinapanda juu, hapo utalia. Badilisha mahali kila siku. Njia ya pembeni kabisa, karibu na magogo, ndiyo inachimbika kwanza kwa sababu kila mtu anapenda kupita hapo. Kila jioni rudisha mchanga pembeni kwa reki, kutoka kwenye kingo na kutoka ndani.

Mavi okota papo hapo. Yakikanyagwa yanakauka, yanakuwa vumbi laini, na miezi 6 huna mchanga tena. Anayepiga reki mpe barakoa na amwagilie kwanza. Hilo nasema kwa ajili ya kifua changu. Limuru tulipiga reki kavu miaka, nani alituambia? Vumbi la mawe na mchanga linakaa kwenye mapafu halitoki.

#25 Mwana wa Usa

Pole mzee wangu. Kijana wangu nimemnunulia barakoa leo, na nimebadilisha ratiba: maji saa 12 asubuhi, reki saa 1, farasi saa 2.

Haro nimetengeneza mwenyewe: kipande cha uzio wa chuma, gogo juu yake, matairi mawili, inavutwa na pikipiki ya toyo. Inafanya kazi. Toyo inalalamika.

#26 Mama Kitengela

Nasoma kimya tangu ukurasa wa kwanza. Sisi Kitengela ni hiyo hiyo mbuga nyeusi, plot nusu eka, hakuna upande wa mlimani wa kukimbilia. Nifanyeje na nina farasi mmoja tu?

#27 Fundi Levo

Mama, wewe usijenge 20 kwa 40. Jenga duara la kipenyo cha mita 18, eneo kama mita za mraba 255. Fuata zile tabaka za mbugani zote, lakini kwa theluthi ya tripu. Duara dogo lililojengwa vizuri ni bora kuliko uwanja mkubwa unaomezwa. Unyanyue, na maji yako usimtupie jirani.

#28 Daktari wa Kwato

Na kwa duara dogo usimzidishie dakika. Kugeuka muda wote kunachosha viungo vya upande wa ndani. Dakika 20, badilisha upande, mtoe nje akatembee.

#29 Mwana wa Usa (Desemba)

Vuli imenyesha. Jumatano ilishuka mvua kwa saa mbili na nusu, tena ya mawe. Nilisimama barazani na mwavuli nikiangalia uwanja kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Maji yalikimbia kuelekea chini kama karatasi, yakaingia mtaroni. Kona ya kaskazini ilibaki dimbwi la ukubwa wa sinia, pale tulipokosea kipimo kimoja. Baada ya dakika 40 halikuwepo. Mchanga ulisogea kidogo chini, toroli tatu tukarudisha juu.

Jana asubuhi tumemtoa jike. Miezi 9 toka aumie, daktari wake amempa ruhusa. Binti kampanda, mimi nashika hatamu mzunguko wa kwanza kisha nikaachia. Akaanza matiti mwenyewe. Nilikwenda nyuma yake na rula, mke wangu akaniita kichaa: alama ya kwato sentimita 2 na nusu, kingo zimesimama, katikati tambarare. Nilipima 11. Zote kati ya 2 na 3, isipokuwa kona ile ya dimbwi.

Mtaro tumeuelekeza kwenye migomba iliyobaki. Mama mkwe amekuja kuangalia, akasema kumbe uwanja una faida.

#30 Saisi Mstaafu

Sentimita 2 na nusu. Haya. Usiongeze mchanga mpaka baada ya masika. Kona hiyo ichokonoe sasa, inua vumbi la mawe, jaza, shindilia, usifunike kwa mchanga ukajidanganya.

#31 Bint Maskati

Hongera kaka. Mpe jike tende mbili kwa niaba yangu.

#32 Mwana wa Usa

Kona tumeichokonoa leo. Tende kapewa, mbili zake na mbili za maksai wasione wivu.

Nina swali moja la mwisho. Kuku wa mama mkwe wamegundua mchanga. Kila saa 4 asubuhi wanakuja kama 15, wanachimba mashimo katikati wanaoga, kila shimo la ukubwa wa bakuli. Nimeweka wavu, wanapita juu. Mwenye dawa?

#33 Saisi Mstaafu

Kuku ni wa mama mkwe?

#34 Mwana wa Usa

Ndiyo.

#35 Saisi Mstaafu

Basi piga reki saa 5.